Watu 312 Wanaangalia Sasa Hivi

Duka lilifunguka.

Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyuma, miguu ndani ya beseni la maji, saa nane na robo mchana, saa ambayo Itauguá nzima, mji wetu mdogo nje ya Asunción, inalala na hata mbwa hawabweki wasije wakaliamsha joto. Nilibonyeza jina la duka letu kwa mazoea tu, kama mtu anavyoligusa jino bovu kwa ulimi. Nilishajiandaa kulitazama lile duara likizunguka, likizunguka, sekunde thelathini, arobaini, mpaka mtu anakata tamaa na kwenda kuendelea na maisha yake. Lakini kidole hakijainuka vizuri, duka hili hapa. Picha zote, rangi zote. Shela la harusi alilofuma Bi Ceferina limejaa kwenye kioo kilichopasuka cha simu yangu, kila uzi mahali pake.

Nikafunga. Nikafungua tena. Kufumba na kufumbua, likafunguka tena.

Juu kabisa, pembeni kulia, kulikuwa na ile namba nyekundu niliyoitengeneza mwenyewe, fahari yangu. Ilikuwa inasema: Watu 2 wanaangalia sasa hivi.

Wawili. Asubuhi ileile walikuwa mia tatu na kumi na mbili.

Maji ya beseni yalikuwa ya uvuguvugu lakini nilisikia baridi inapanda kutoka visiginoni mpaka kwenye meno. Akili ilikuwa bado haijaelewa kitu. Mwili ulishaelewa. Na wale wawili ni mimi, nimefungua mara mbili. Nikawaza: wateja wetu wako Hispania, wako Japani, wako Kanada, ndivyo nilivyowaambia wote. Sasa kwa nini wanalala mchana saa za Itauguá?

*

Lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila kuijua kona yetu ya barabarani hamtaelewa kwa nini nilitetemeka.

Shangazi yangu Blásida alikuwa kiongozi wa wanawake thelathini na mmoja wanaofuma ñandutí, ile lesi yetu nyembamba ya duara inayoanzia katikati na kutawanyika kama utando wa buibui. Kibanda chao kilikuwa kando ya barabara kuu, kwenye kona ambapo magari yanayotoka Asunción lazima yapunguze mwendo, yapende yasipende. Bibi yake shangazi alitandika kitambaa pale kabla hakujawa na lami. Kona ile ikawa kama jina la ukoo. Ukimwambia mtu wewe ni wa konani, anakuvutia kiti.

Na kona ina kanuni zake. Gari halisimami kwenye meza tupu. Hilo kila mtu wa barabara ile anazaliwa akilijua. Kwa hiyo meza yako ikikosa watu, jirani anaacha ya kwake, anakuja kusimama mbele yako, anaipa barabara mgongo, anashika kitambaa, anakisifia kwa sauti, anauliza bei ambayo anaijua kuliko wewe. Dereva akipita anaona mgongo, anajisemea hapa kuna kitu. Anasimama. Jirani anaondoka taratibu kama mteja aliyekosa rangi anayoitaka. Wanaita kuazimana mgongo. Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka sita. Nilikuwa na mgongo mdogo, lakini shangazi alikuwa ananisimamisha juu ya kreti la soda.

Nilipofika miaka ishirini nikawajengea duka la mtandaoni. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video, usiku kucha na mchana kutwa, kwa simu hiyohiyo iliyopasuka, nikikosea na kufuta, nikikosea na kufuta, mpaka siku moja kitambaa cha kwanza kikatokea kwenye kioo na bei yake chini, na shangazi akajifuta mikono kwenye aproni kabla ya kuishika simu, kama vile anapokea mtoto mchanga.

Ile namba nyekundu niliiweka wiki ya pili. Niliona maduka makubwa wanayo, na mimi nikaitaka. Kila mtu akifungua duka, inaongeza mmoja. Ila nilikosea mahali: ukifunga, haikupunguzi mpaka saa nzima ipite, na ukifungua tena inakuhesabu kama mgeni mpya. Nilijua. Nilisema nitarekebisha. Sikurekebisha, kwa sababu namba ilikuwa inapendeza.

Na ilikuwa inapanda, jamani. Tisa. Arobaini. Mia na kumi. Siku ilipovuka mia tatu, Bi Digna alilia kidogo, Padri akaitaja kwenye mahubiri, na shangazi akaitazama barabara jioni nzima. Kesho yake akasema, "Barabarani watu wanapita. Huku wanaingia. Hatuwezi kukaa sehemu mbili."

Ilikuwa kweli kwamba kukaa kibandani kunakula mikono. Vumbi linaingia kwenye nyuzi, na anayelinda meza hafumi. Basi akampa neno Odilón, muuza viti vya plastiki na mabwawa ya watoto ya kujaza upepo, ambaye alikuwa anaitolea macho kona ile miaka kumi. Jumamosi saa sita mchana, kona ingekuwa yake. Na kwetu kona ukishaitoa haikurudii.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinatukera. Watu mia tatu wanaangalia, na kwa wiki nzima ananunua mmoja, labda wawili.

"Duka ni zito," niliwaambia. "Linachelewa kufunguka, mteja anachoka. Nikilipunguza uzito mtaona."

"Basi lipunguze, Zuni," shangazi alisema. "Mpaka Jumamosi."

*

Nilianza na picha, kila mtu angeanza hapo. Shangazi alikuwa ameamuru zipigwe kubwa kabisa ili mteja aweze kuhesabu nyuzi. Picha moja ilikuwa na uzito wa filamu. Nikazikondesha zote, mia mbili na kitu, moja baada ya nyingine.

"Umelikondesha ua langu kama ng'ombe wa kiangazi," Bi Ceferina aliniambia. Huyu ndiye mcheshi wao, mwanamke wa miaka sabini mwenye vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote pale. Ndiye aliyefuma lile shela la harusi, maua ya mpera tupu, miezi kumi na moja kwenye fremu moja ya mbao. "Mnunuzi ataniuliza mpera wangu una minyoo?"

"Litafunguka haraka, Bi Ceferina."

Halikufunguka haraka. Nikalihamishia kwenye seva nyingine, yaani kompyuta ya mbali inayolihifadhi duka. Nikafuta mapambo, nikafuta muziki wa kinubi niliokuwa nimeuweka ukurasa wa mbele, na huo niliufuta kwa uchungu. Duara likaendelea kuzunguka. Watu wakasema ni mvua. Mvua ilipoisha wakasema ni minara ya simu.

Ikafika Alhamisi ile, miguu ikiwa ndani ya beseni, na duka likafunguka.

Sikusogea. Nilikaa na simu mkononi nikasubiri. Saa tisa kasoro, dirisha la jirani likafunguliwa. Redio ikawashwa mahali. Mtu akaanza kuponda majani ya tereré, chai yetu ya baridi, kwenye kinu, tok, tok, tok, na barafu ikalia kwenye birika. Itauguá ilikuwa inaamka, na namba nyekundu ikaamka nayo. Tano. Kumi na moja. Thelathini na nane. Nilikuwa nasikia malapa yanaburuzwa uani kwa Bi Digna, na kwenye kioo ikawa sitini. Saa tisa na nusu ilikuwa mia na arobaini. Nikafungua duka tena: duara. Likizunguka. Likizunguka.

Seva huwa inaandika kila anayebisha hodi: saa ngapi, kutoka wapi, alitaka kuona nini. Orodha ile ilikuwepo siku zote. Sikuwahi kuifungua, kwa sababu mtu mwenye watu mia tatu haulizi majina. Siku ile niliifungua, nikaipandisha kwa kidole mpaka kidole kikapata moto.

Itauguá. Itauguá. Itauguá. Itauguá. Mstari mmoja Valencia, kisha Itauguá mia. Hapakuwa na Japani. Hapakuwa na Kanada. Simu zilezile thelathini na moja, nazo zinafungua ukurasa uleule, shela la Bi Ceferina mara tisini na nne kwa siku moja, kitambaa cha meza cha Bi Digna mara themanini. Na kila ukurasa uliokuwa wazi, kwa ajili ya namba yangu nzuri nyekundu, ulikuwa unaiuliza seva kila sekunde: tuko wangapi? Tuko wangapi? Tuko wangapi?

Niliweka simu chini, kioo kikiangalia sakafu. Nilikuwa nimempa shangazi umati wa watu ambao hawapo, na yeye alikuwa ameutolea kona.

*

Ijumaa saa kumi walikutana uani kwa shangazi kuaga kibanda. Lesi zilizotiwa wanga wa muhogo zilikuwa zinakauka juani kwenye fremu zao, zimeegemezwa ukutani. Kikombe cha tereré kilikuwa kinazunguka. Nilisimama.

"Nina habari," nikasema.

"Kama ni ya mchumba," Bi Ceferina akasema, "mwambie aje na kiti chake. Odilón anauza."

Wakacheka. Nikawaacha wamalize, maana nilijua hawatacheka tena siku ile.

"Wateja hawapo."

"Leo?" shangazi akauliza.

"Hawajawahi kuwepo. Wachache sana. Ile namba ni sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi hapa. Simu zetu. Nimeona orodha."

Kikombe kilisimama mkononi mwa Bi Digna. Huyu alikuwa mnene, mpole, mtunza wanga wa kikundi, mtu asiyepandisha sauti. "Mimi nafungua mara moja tu," akasema.

"Mara moja kwa siku?"

"Mara moja kila nikimaliza ua."

"Unamaliza maua mangapi?"

Akafikiri. "Siku nzuri, ishirini."

Bi Ceferina alikuwa ameinamia mikono yake. "Mimi nafungua vya Digna," akasema. "Nilikuwa naona vinakaa peke yao kule ndani. Nikaona aibu. Nikawa namuazima mgongo."

Bi Digna akageuka taratibu na kiti chake. "Lakini mimi ndiye nakuazima wewe."

"Wewe?"

"Shela lako. Kutwa. Na wajukuu nao, kwa simu yangu."

Yaani hapo ndipo mambo yalipoporomoka. Mmoja akasema alikuwa anamfungulia dada yake. Dada yake akasema naye alikuwa anamfungulia binamu. Kila mmoja alikuwa anajua siri ya kidole chake mwenyewe, na kila mmoja aliamini kwamba wale mia tatu wengine ni wageni wa kweli, na yeye peke yake ndiye anayedanganya kidogo, kwa mapenzi, kuujaza umati ambao tayari upo. Nilikuwa naangalia nyuso zao. Sijawahi kuona watu thelathini wakishtuka kwa pamoja bila kelele. Ilikuwa kama kuangalia kitambaa kinachofumuka kuanzia katikati.

Nikawaeleza kosa langu. Nikawaeleza saa nzima ya namba, na lile swali la kila sekunde. "Seva yetu ni ndogo," nikasema. "Ni mlango mwembamba. Sisi wote tumesimama mlangoni tunaigiza wateja. Duka likizidiwa, linachelewa. Likichelewa, mnavuta ukurasa chini ufunguke upya, na linazidiwa zaidi. Mteja mwenyewe akija, hana pa kupita."

"Kumbe migongo ikizidi inakuwa ukuta," Bi Ceferina akasema, lakini hakusema kwa mzaha.

Nikamgeukia shangazi. Nilidhani atanigombeza, na ningependa anigombeze. Badala yake akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa simu yake ndogo, akaiangalia.

"Mimi nafungua zote," akasema. "Kitambaa kimoja kimoja, mpaka viishe. Asubuhi kabla sijanywa kitu. Halafu tena kila gari likipita bila kusimama."

Akaliinua beseni la wanga, akaumwaga uliobaki, akalifuta kwa aproni, akaiweka simu yake ndani. Iligonga bati kwa sauti ndogo.

"Odilón anakuja kesho saa sita," akasema. "Tuna asubuhi moja. Wekeni zenu humu. Wakifika watu kumi wa kweli kabla hajaja, neno langu linabaki neno."

Hakusema wasipofika itakuwaje. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na hakuwahi kurudisha neno nyuma hata mara moja. Watu walikuwa wanaapa kwalo sokoni.

*

Jumamosi saa moja asubuhi walikuwa wote konani. Beseni lilikuwa chini ya meza, simu thelathini na moja zimefunikwa kitambaa cheupe kama unga unaosubiri kuumuka. Namba nyekundu nilishaing'oa usiku. Simu pekee iliyokuwa hai ni yangu, na ndani yake orodha ya hodi.

Niliwafungulia duka kwanza waone. Halikuchukua hata sekunde mbili. Walivuta pumzi wote. Bi Digna akalinyooshea kidole halafu akakirudisha, kama aliyekaribia kugusa kitu cha moto.

Kisha tukasubiri, na orodha ikawa tupu.

Sijui kama mnaweza kuelewa utupu ule. Kwa miezi mitano walikuwa wamelala na kuamka ndani ya kelele za watu, na sasa kelele zote zilikuwa zimekaa kimya ndani ya beseni la bati. Saa mbili na dakika ishirini akaja mmoja, kutoka Encarnación. Vichwa vikaniinamia mpaka nikakosa mwanga. Akaangalia vitambaa vya glasi, akaondoka.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, shangazi."

"Hakuuliza chochote?"

"Hapana."

"Basi alikuwa mtu kweli," shangazi akasema.

Saa nne akaja wa Montevideo. Saa nne na nusu akaja wa Valencia, Hispania, na watu wakashikana mikono, mpaka Bi Digna akakohoa. "Huyo msimhesabu. Ni binti yangu Liz. Nilisahau kumwambia aache."

Saa tano na dakika arobaini akaja mwingine, kutoka Mendoza, Argentina. Huyu hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye shela, akakaa. Dakika moja. Dakika tatu. Orodha ilionyesha amekaa tu, hagusi kitu. Halafu simu ikatetemeka mkononi mwangu: ujumbe wa duka. Nikausoma kwa sauti kabla sijaupima, na kwa kosa hilo najilaumu mpaka leo.

"Habari zenu. Nimejaribu kulifungua hili tangu Februari, kila siku, leo ndiyo limefunguka. Nilikuwa nalitaka kwa harusi ya binti yangu. Harusi ilipita mwezi wa nne. Nilitaka tu nilione vizuri. Ni zuri kuliko nilivyodhani."

Lori lilipita. Hakuna aliyelitazama.

"Rudia," Bi Ceferina akasema.

Nikarudia.

"Tangu Februari?"

"Ndiyo."

Bi Digna alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Wakati yule mama wa Mendoza anabisha hodi, yeye na wajukuu wake walikuwa wamesimama mlangoni wamempa mgongo, mara tisini na nne kwa siku, kwa upendo mtupu.

"Mwulize binti alivaa nini," Bi Ceferina akasema.

Nikauliza. Jibu halikuchelewa. "La kiwandani. Lilikuwa sawa tu."

Bi Ceferina aliichukua fremu yake, akaiweka mapajani, akatafuta sindano, akaikosa, akaitafuta tena. Ilikuwa imechomekwa kifuani pake, mahali ilipokaa siku zote. "Mwambie aangalie anavyotaka," akasema. "Hapana foleni tena."

Hapo ndipo Odilón alipopiga honi.

Lori lake lilikuwa limepakiwa mpaka juu, viti vya plastiki vimefungwa kamba, na juu kabisa bwawa la buluu la mtoto limeshajazwa upepo, linanesanesa. Akashuka amevaa shati safi. Alikuwa amekuja kama mtu anayekwenda kubatiza.

"Bi Blásida. Nimekuja na bwawa moja la zawadi kwa ajili ya wajukuu."

"Odilón, sitakupa kona."

Akatabasamu kwanza, akidhani ni utani wa konani. Kisha akaangalia nyuso za wengine. "Kuna aliyeongeza dau?"

"Hakuna. Nilitoa neno nikidhani nyuma yangu kuna watu mia tatu. Hawakuwepo."

"Hiyo ni juu yako, mama yangu. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo," shangazi akasema. "Ndiyo maana nakwambia wewe usoni. Nakuomba radhi."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno yale kwa mtu yeyote, hata kanisani alikuwa anayapunguza. Odilón akaikaza kamba moja ya lori ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

"Haya," akasema. "Kuanzia leo mtu akiniapia kwa neno la Blásida, nitamwomba anionyeshe risiti."

Hilo lilimwingia shangazi. Nililiona likiingia, kwenye mfupa wa shavu hivi, chini ya jicho. Lori lilipogeuka, shangazi alichukua kitambaa na kuifuta meza, mahali palepale, tena na tena, na wanawake thelathini wakajifanya wanatafuta nyuzi.

*

Imepita miaka tisa. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu: nina chumba Asunción, nina kompyuta ya maana, na watu wananilipa niwatafutie kwa nini maduka yao yanachelewa kufunguka. Wanategemea nianze na picha. Mimi swali la kwanza nauliza mnalala mchana saa ngapi, na wanadhani natania.

Duka la konani bado lipo. Linafunguka kwa sekunde moja na kidogo. Halina namba yoyote. Linauza kiasi chake, meza inauza kiasi chake, na simu za kina mama zinakaa kwenye beseni kuanzia asubuhi mpaka saa sita, sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Lile shela halijauzwa. Kila mwezi mara moja hivi, nikipitia orodha ya hodi, namwona mtu wa Mendoza. Anakwenda moja kwa moja, anakaa nalo dakika mbili tatu, anaondoka.

Odilón alipata sehemu ng'ambo ya barabara, mita hamsini baada ya kona, mahali magari yanapokuwa yameshakanyaga mafuta. Hakumsalimia shangazi miaka yote tisa. Na neno la Blásida halikuapiwa tena sokoni. Hilo nalo nimelibeba.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea. Nilishuka kwenye basi saa nne asubuhi, jua likiwa tayari halina huruma, nikasimama kivulini kidogo nirekodi sauti ya kona kwa simu, kama ninavyofanya kila nikija. Ng'ambo, Odilón alikuwa amekaa peke yake katikati ya mabwawa yake ya buluu, amezeeka, kofia imemfunika macho. Magari yalikuwa yanapita kwa kasi. Hakuna lililosimama.

Shangazi akainuka. Ana miaka sabini na miwili sasa, na kuinuka ni kazi ya hatua tatu. Akajifuta mikono kwenye aproni, akasubiri lori lipite, akavuka. Nilidhani anakwenda kuzungumza naye. Hakuzungumza naye. Alisimama mbele ya bwawa kubwa kuliko yote, akaipa barabara mgongo, akalishika ukingo, akalibonyeza kama mtu anayepima papai.

"Hili ni bei gani?" akauliza kwa sauti ambayo niliisikia mpaka huku.

Odilón hakuinua kofia. Muda ukapita, mrefu kuliko duara lolote nililowahi kulitazama. Kisha akataja bei.

"Ghali," shangazi akasema kwa nguvu. "Lakini ni imara, naliona."

Akabaki palepale, mgongo wake mpana, wa zamani, umeinama kidogo. Na kutoka upande wa Asunción nikasikia gari linapunguza mwendo.